Uzi Hauvutwi

Fundi cherehani huyu hakuwa na kibao juu ya mlango, lakini mtaa mzima ulimjua. Sare za shule alishona yeye. Mapazia alishona yeye. Suruali iliyochanika makalioni ililetwa kwake kwa siri, na siri ilikaa. Mume wake alikata vitambaa. Binti yao wa miaka kumi alishona vifungo akitoka shule.

Mtu wa nne wa nyumba hiyo alikuwa paka. Mume alimpa jina la Meneja, kwa sababu alikaa kwenye kiti chenye mto tangu asubuhi, akawatazama wenzake wakihangaika, na saa ya kula alikuwa wa kwanza. Lakini tusimwonee. Kabla hajaja, panya walitoboa vitambaa vya wateja na fundi alilipa. Tangu aje, hakulipa tena. Usiku Meneja alilala miguuni pa binti, na binti alijifunza kulala bila kugeuka ili asimsumbue.

Jioni fundi alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa mpaka nje, akaviacha kando ya ukuta. Kinyozi wa mlango wa pili hakupenda.

"Dada, mimi nywele zangu natia kwenye mfuko. Wewe nyuzi zako unanigawia mimi?"

"Uzi haung'ati, kaka," fundi alijibu, na wote wakacheka.

Alhamisi moja Meneja alitapika. Ijumaa hakula.

"Paka ana roho saba," mume alisema. "Hapo ametumia moja tu."

Binti hakucheka.

Jumamosi asubuhi fundi alimwinua paka kutoka kwenye mto, akaona kitu chini ya mkia. Ulikuwa uzi mwekundu, urefu wa kidole, unaning'inia.

Sasa, fundi cherehani akiona uzi unaning'inia, mkono wake hausubiri ruhusa. Aliushika, akavuta. Ukatoka kidogo, ukagoma. Akavuta tena, kwa nguvu. Meneja alipiga kelele ambayo nyumba ile haijawahi kuisikia, akamkwaruza mkono, akakimbilia chini ya meza ya kukatia. Fundi alikata kile kipande kilichotoka, akakitupa. Mume alikuwa amepeleka mapazia kwa mteja. Binti alikuwa ametumwa sokoni. Hakuna aliyeona.

Ofisi ya mifugo ilikuwa wazi siku hiyo mpaka saa sita mchana. Fundi alilijua hilo. Lakini sare arobaini zilikuwa mezani, na Jumatatu shule zinafunguliwa.

Jumapili saa nne asubuhi Meneja hakuweza kusimama. Tumbo lilikuwa gumu, na mtu akiligusa, paka alilia. Ofisi ya mifugo ilikuwa imefungwa. Palibaki mahali pamoja tu, kliniki ya dharura ya wanyama, ile yenye vioo kwenye barabara kubwa. Walimlaza Meneja kwenye boksi la vitambaa, wakaenda wote watatu.

"Malipo ya awali kwanza," alisema msichana wa mapokezi.

"Mwanangu, si amwone kwanza? Hali yake mbaya."

"Malipo kwanza, mama."

"Ya nini?"

"Ya huduma."

Mume alirudi nyumbani mbio, akaleta pesa za kununulia vitambaa vya mwezi. Kisha wakangoja. Aliingia mwanamume mwenye mbwa mnene. Mbwa hakuwa mgonjwa, alikuja kukatwa kucha, lakini alikuwa na miadi. Akaitwa kabla yao. Binti aliweka mkono ndani ya boksi na kuuacha humo. Saa moja na nusu ilipita.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho yamemwiva kwa uchovu. Alimpapasa Meneja haraka.

"Amekula nini?"

Fundi alimtazama binti yake. Kisha akatazama mikwaruzo mkononi mwake.

"Sijui, daktari," alisema.

Basi daktari akaanza kutafuta. Alitoa damu. Akapiga eksirei. Akamwekea dripu. Kila kitu kilifanyika mlango ukiwa umefungwa, na hakuna aliyetoka kusema hiki ni cha nini au hiki ni kiasi gani. Daktari alipotoka, alisema utumbo umeziba, paka anatakiwa kupasuliwa leo hii, na pesa waliyotoa imekwisha. Akawapa karatasi yenye bei ya upasuaji. Fundi alisoma mara mbili. Ilikuwa bei ya cherehani mpya.

"Daktari, hatuna."

"Kama mnampenda, mtatafuta," daktari alisema, akarudi ndani.

Mtu anaweza kutukanwa matusi ya nguoni akasahau kesho yake. Maneno yale fundi hakuyasahau. Mume alitoka kwenda kukopa. Aliporudi na nusu ya pesa, Meneja alikuwa ameshakufa mezani, na binti alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, bila kulia.

Wakapewa bili. Mstari wa mwisho ulisema: boksi.

"Boksi hili ni letu," mume alisema. "Tumekuja nalo."

"Ndivyo kompyuta inavyoandika," msichana wa mapokezi alijibu.

Wakalipa.

Tangu siku hiyo, kila aliyeingia kupimwa alihadithiwa. Fundi alisema huku ana pini mdomoni. "Wezi wale! Wameniulia paka, wakanitoza. Boksi langu mwenyewe nimeuziwa! Mnyama wako akiugua, ni afadhali umwache afie nyumbani." Wateja walitikisa vichwa, wakaenda kusimulia kwao. Fundi alipata nafuu kidogo kila aliposema. Jambo la uzi hakuligusa.

Wiki ya tatu alikuja Mama Chanjo. Huyu ni mhudumu wa ofisi ya mifugo, mwanamke wa makamo ambaye amechanja kuku wa mtaa mzima. Alileta koti lake la kazi litiwe mfuko. Alisikiliza hadithi mpaka mwisho, tofauti na wengine, akauliza.

"Ugonjwa wenyewe ulianzaje?"

Duka lilikuwa tupu. Binti alikuwa shuleni. Fundi alitoa pini mdomoni.

"Alitapika. Halafu... kulikuwa na uzi, huku nyuma. Nikautoa."

"Uliutoa wote?"

"Uligoma. Nilivuta, ukagoma."

Mama Chanjo aliweka koti lake kando. Kisha akachukua kipande cha kitambaa mezani.

"Mwenzangu, ukitaka kutia marinda kwenye gauni, unafanyaje?"

"Napitisha uzi wa mishono mirefu. Nafunga upande mmoja, navuta upande wa pili. Kitambaa kinajikun..." Fundi hakumaliza neno.

"Ndivyo utumbo unavyokuwa," Mama Chanjo alisema taratibu. "Paka akicheza na uzi anaumeza, kwa sababu ulimi wake una miiba inayoelekea nyuma. Hawezi kuutema. Mara nyingi ncha moja inanasa chini ya ulimi, au tumboni. Nyingine inateremka. Utumbo unajikunja juu ya uzi. Ukivuta, uzi unakata kama kisu. Ukiona uzi unatokeza, mdomoni au nyuma, usivute. Usimpe mafuta, usimpe maziwa, usimtapishe. Mpeleke siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo nimemuua mimi."

"Pengine angekufa hata bila kuvuta, kwa kuwa siku zilipita. Sijui, na wewe hutajua."

"Na wale je? Wao watakatifu?"

"Hata kidogo. Walitakiwa wamtazame kwanza ndipo wadai pesa. Walitakiwa wakwambie bei kabla ya kila kipimo. Hiyo ni haki yako, na wamekunyima. Dharura ina gharama, Jumapili ni ghali zaidi, dawa na mashine hazitoki bure. Lakini mtu huambiwa. Na wewe ulitakiwa kuuliza: kipimo hiki kitabadilisha nini? Kipi ni cha lazima, kipi kinaweza kusubiri? Naweza kulipa kidogo kidogo? Nipeni kwa maandishi." Alikunja kile kitambaa. "Uliwaambia habari ya uzi?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Basi ulilipa ili watafute kitu ulichokuwa unakijua."

"Usimwambie mtu, Mama Chanjo. Nakuomba."

"Mimi sisemi. Ni lako hilo."

Jumamosi iliyofuata kinyozi alisimama mlangoni na kitana mkononi. Binti alikuwa kwenye kiti, anashona vifungo.

"Dada, paka wangu naona ananifia. Tangu jana anatapika, udenda unamtoka."

Fundi alisimamisha cherehani. "Umempeleka wapi?"

"Nimpeleke wapi? Kwa wale wezi wako? Wewe si ndiye uliyesema afadhali afie nyumbani? Nimemwacha uani. Na pale anacheza kila siku, kwenye nyuzi zako."

Fundi aliinuka kutoka kwenye cherehani. Angeweza kusema tu, mpeleke. Lakini kinyozi ni mbishi, angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa moja. Alimtazama binti. Binti naye alikuwa ameinua macho.

"Kaka, nisikilize. Nilisema nusu. Meneja alimeza uzi. Mimi niliuona, nikauvuta. Nilivuta mara mbili. Halafu nikakaa siku nzima nashona. Halafu daktari aliponiuliza, nikasema sijui."

Kifungo kilianguka kutoka mkononi mwa binti, kikabingirika chini ya meza. Hakukiokota.

Walimfungua paka wa kinyozi mdomo. Chini ya ulimi kulikuwa na uzi wa bluu, umezungushwa hapo, unaelekea kooni. Kinyozi akanyoosha vidole.

"Usiguse!" fundi alipiga kelele. "Usivute!"

Ofisi ya mifugo ilikuwa bado wazi. Mama Chanjo aliangalia, akaandika barua fupi: uzi chini ya ulimi, tangu jana, haukuvutwa. Ofisi haina chumba cha upasuaji, kwa hiyo aliwatuma kwenye kliniki ile ile. Fundi alikwenda na kinyozi.

Daktari alikuwa yule yule. Alisoma barua, akampeleka paka ndani mara moja. Kinyozi alimfuata kwa maswali kama fundi alivyomfundisha njiani. Bei gani? Eksirei ya nini? Naweza kulipa kwa awamu mbili? Daktari aliandika yote kwenye karatasi. Eksirei hakuandika, kwa kuwa uzi ulikwishaonekana chini ya ulimi. Bei ilikuwa nusu ya ile ya Jumapili, na kinyozi aliruhusiwa kulipa kwa awamu mbili.

Fundi alishindwa kujizuia.

"Siku ile mbona hukuniambia bei?"

"Siku ile mbona hukuniambia uzi?" daktari alijibu.

Walitazamana. Hakuna aliyemwonea mwenzake huruma.

"Uliniambia kama nampenda nitatafuta," fundi alisema. "Mbele ya mwanangu."

Daktari aliangalia chini. "Hilo nilikosea," alisema. "Nilikuwa peke yangu tangu Ijumaa. Lakini nilikosea." Alimrudishia fundi pesa ya boksi. Wiki iliyofuata karatasi ya bei ilibandikwa mapokezi, ukutani, kwa herufi kubwa, na chini yake: Mgonjwa mahututi ataonwa kwanza. Si haba. Lakini kwa Meneja ilikuwa kalamu iliyofika mtihani umekwisha.

Paka wa kinyozi alipona. Siku hizi fundi anatia nyuzi zake kwenye kopo lenye kifuniko, na mabaki anayachoma. Wateja wanaokuja kupimwa wanasikia hadithi nyingine, na hii ina sehemu zote mbili: jinsi alivyovuta, na jinsi walivyomtoza. Wengine huondoka wakinong'ona juu yake. Anawaacha. Watu wawili wameshawahisha wanyama wao kwa daktari kwa sababu ya hadithi hiyo, mmoja mbwa, mmoja mbuzi.

Binti alikaa siku nne bila kusema na mama yake zaidi ya shikamoo na ndiyo, akila chakula chake chumbani. Siku ya tano, alipokuwa anapokea sahani, aliuliza.

"Mama, paka wa kinyozi asingeugua, ungeniambia?"

Fundi alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo, na ndiyo ilikuwa rahisi. Lakini uongo wa aina hiyo alishausema mara moja, kwa daktari.

"Hapana," alisema. "Nisingekuambia."

Binti aliitikia kwa kichwa. Akakaa upande wa pili wa meza, akala.