Namba ya Kwenye Katoni

Kila jioni akitoka shule, Safa alipitia studio ya mama yake hapo Sultan Hamud. Alifagia, akapangusa vumbi kwenye skrini, kisha akakaa kumtazama mama akitengeneza video za harusi. Kompyuta yao haikununuliwa ikiwa nzima. Binamu yake, Khalid, aliiunga kipande kwa kipande, na alipopata kazi Mombasa akawaachia. Mama yake Safa, Mwanamkasi, alijua kuitumia lakini yaliyomo ndani hakuyajua. Fundi wa nyumbani, ilisemekana, ni Safa, kwa sababu tu aliwahi kumshikia Khalid skrubu.

Jumatatu moja skrini ikawa nyeusi tii. Kadi ya picha, yaani kile kipande kinachopeleka picha kwenye skrini, ilikuwa imekufa. Mama alishika kichwa. Ndani ya mashine ile mlikuwa na video ya harusi ya binti wa Mzee Kitheka. Mke wa mzee alicheza na kuimba kwenye harusi hiyo, na wiki tatu baadaye akazikwa. Nakala nyingine haikuwepo popote.

Mama alimpigia simu Njogu, muuza vipuri vya kompyuta kule Emali, akampa Safa aongee.

"Kadi ninayo," Njogu alisema, "lakini si kila kadi inakubali kila mashine. Kwanza pima nafasi iliyo ndani. Halafu angalia saplai, kile kisanduku kinachogawa stima. Kina karatasi yenye namba ya wati. Kadi hii inakula stima nyingi, na saplai ikiwa ndogo itaungua. Ufungue uone kwa macho, umenisikia?"

"Nimesikia."

Nafasi aliipima vizuri, kwa rula. Lakini karatasi ya saplai ilikuwa imegeukia ndani. Ilibidi kutoa skrubu nne na kuvuta kisanduku nje, na huko nje rafiki yake Roselyne, mpira mkononi, alikuwa ameshaanza kelele.

"Wee Safa! Unakuja ama tucheze kati bila wewe?"

Juu ya kabati palikuwa na katoni ya saplai, ambamo mama alitia riboni za maua. Ubavuni iliandikwa wati mia sita. Safa aliisoma, akachukua simu.

"Ni mia sita."

"Umefungua ukaona?"

"Nimefungua. Nimeona na macho yangu."

Kumbe saplai ya katoni ile ilikuwa imeharibika zamani, na Khalid akatia nyingine ndogo bila kumwambia mtu.

Kadi ililetwa Jumatano. Safa aliichomeka, ikaingia sawasawa, na picha ikarudi. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. "Mnaona mtoto wangu? Fundi huyu!" Akakaa papo hapo kuimalizia kazi ya Mzee Kitheka. Haikupita saa nzima. Pu! Moshi, harufu ya plastiki iliyoungua, kisha giza.

Mzee Kitheka alikuja kesho yake. Aliitazama mashine, akamtazama mama.

"Mama Safa, usinifiche. Imepotea?"

Mama aliinamisha kichwa.

"Picha za mke wangu ninazo," mzee alisema polepole. "Sauti ndiyo sina."

Akaondoka.  Mama alikuwa akilia huku akipika. "Njogu ametumaliza. Ametuuzia takataka." Safa alimenya viazi. Alijiambia pengine ni kweli kadi ilikuwa mbovu. Alijiambia hivyo mara nyingi, bila kuamini.

Jumamosi waliibeba mashine hadi Emali. Mama hakungoja kuingia dukani.

"Mwizi wewe! Unatuuzia vitu vibovu, tukale wapi?"

Watu wakasimama. "Hawa ndio hutumaliza," mwanamke mmoja alisema. Mwanamume aliyekuwa akichagua kibodi aliirudisha mezani, akaenda zake.

"Mama, niliuliza," Njogu alijitetea. "Mtoto wako aliniambia mia sita, ati ameona."

"Mtoto wangu hadanganyi!"

Neno hilo lilimchoma Safa kuliko kofi. 

"Mama, nilidanganya. Sikufungua. Nilisoma katoni."

 Njogu alichukua bisibisi, akatoa skrubu nne, akavuta saplai nje. Karatasi ilisema mia tatu. Mama aliketi juu ya kreti.

 Njogu aliitoa diski, kile kipande kinachohifadhi video, na kuichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Walingoja. Safa aliomba kwa midomo isiyotoa sauti. Kisha ngoma ikasikika, na juu ya ngoma kicheko cha mwanamke. Diski ilikuwa imepona. Mama akafunika uso kwa mtandio.

Ile kadi kubwa nayo ilikuwa nzima. Njogu aliibadilisha kwa ndogo isiyokula stima nyingi, akatafuta saplai nyingine, akampa Safa. "Isome wewe. Kwa sauti." Safa akaisoma huku machozi yakidondokea ile karatasi.

Mama alitoka mlangoni, akapaza sauti. "Nilimwita huyu mwizi. Si mwizi. Aliyekosa ni wa kwangu, na mimi nilipayuka kabla ya kuuliza." Wachache walimsikia. Wengi walikuwa wameshaondoka.

Kisha akamgeukia binti yake, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Safa, ungesema 'sijafungua', Njogu angengoja, na mimi nisingekucheka. Kutojua si aibu, mwanangu. Ubaya ni kusema umeona kitu ambacho hukukiona. Leo tumeokolewa na diski. Kesho utaulizwa kama gesi umeifunga, kama mgonjwa amemeza dawa. Utajibu kutoka kwenye katoni? Na yule wa kibodi ameshaenda kwao akijua Njogu ni mwizi. Huyo nitampata wapi nimwambie?"

Safa alitazama barabara yote, juu na chini. Hakumwona.