Kasuku na Karatasi ya Zamu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alichungulia kwenye kioo cha mashine ya kuangulia mayai na kuyasalimia, "Hamjambo humo ndani?" Jina hilo alibandikwa na bibi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mama yake alikuwa mfugaji wa kuku, na mayai sitini yaliyokuwa mle ndiyo yaliyokuwa tegemeo la nyumba nzima.

Zikiwa zimebaki siku tatu mayai yaanguliwe, ikaja dhoruba. Upepo uling'oa miti, ukaziangusha nguzo za umeme barabarani, na umeme ukakatika kwa siku sita. Mama hakukata tamaa. Aliyahamishia mayai kwenye boksi lenye blanketi, akayazungushia chupa za maji ya moto, kisha akabandika karatasi ya zamu ukutani. Kila baada ya saa tatu, mwenye zamu abadilishe maji na kuweka alama ya vema.

Mchana wa siku ya pili, mama alikwenda kumsaidia jirani aliyeezuliwa paa, na bibi alikuwa amejilaza. Zamu ilikuwa ya Kasuku. Wenzake wakamwita akaone mti ulioangukia uwanja wa shule.

"Nakuja sasa hivi," akajisemea. Hiyo sasa hivi yake ilikuwa saa tano nzima! Aliporudi, mayai yalikuwa ya baridi. Akachemsha maji upesi, kisha, jamani, akaweka vema mbili kwenye karatasi.

Siku ya kuanguliwa ikapita. Ya pili yake nayo, hola, hakuna kitu.

"Kasuku, umemeza kufuli?" bibi akamtania. Kasuku hakucheka.

Jioni ile mama aliisoma karatasi, akashusha pumzi. "Joto halikukosekana hata mara moja. Basi, yangekuwa hai yangekuwa yameshaanguliwa. Yamekufa. Kesho nitayafukia." Macho yake yalikuwa mekundu.

Kasuku akaangua kilio. "Usiyafukie, mama! Nilidanganya. Yalipoa mchana ule wa zamu yangu, mimi nilikuwa uwanjani."

Mama akaketi taratibu. "Yalipoa? Kumbe huenda yamechelewa tu!" Akachukua tochi, akalimulika yai moja. Ndani yake kitu kikatikisika.

"Lete maji ya moto!" bibi akapaza sauti. "Na safari hii sitaondoa jicho kwako."

Kesho yake ganda la kwanza likapasuka. Hadi jioni, vifaranga arobaini na mmoja walikuwa wakilia boksini. Mama alimwekea Kasuku mmoja kiganjani.

"Umeniumiza, mwanangu," alisema kwa upole. "Uzembe wako pengine umewaua wale kumi na tisa. Lakini uongo wako ungewaua hata hawa. Ukikosea, niambie mapema, tuokoe kinachookoleka."

Kasuku akamrudisha kifaranga kwa wenzake. Akachukua kalamu, akazikata zile vema mbili, na pembeni akaandika: Sikuwepo.