Shamsiya na Taa ya Breki

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Shamsiya alikuwa na kazi zake zinazojulikana. Alifagia baraza, akatandika mkeka, akapanga vikombe vidogo vya kahawa kwenye sinia, kisha akakaa karibu na mlango akingoja kuitwa. Nyumba yao ilikuwa Chumbageni, mjini Tanga, na baraza la baba yake, Bwana Thuwaini, halikukosa watu. Wazee wa mtaa walikuja kunywa kahawa, kupashana habari na, zaidi ya yote, kutaniana. Mtu mwenye hasira za karibu asingedumu pale.

Bwana Thuwaini alikuwa na shamba la minazi upande wa Mtang'ata, na pikapu ya kuletea mbata mjini. Pikapu hiyo aliipenda kama mtoto wa mwisho. Ilikuwa imezeeka, na hewa ya chumvi ilikuwa imeila hapa na pale, lakini yeye hakukubali iguswe na mtu mwingine. Ikiharibika aliitengeneza mwenyewe mbele ya baraza, na kusema kweli hakuwa fundi mbaya. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza kufanya kazi bila kujitapa.

Siku moja ya Ijumaa, mwezi wa Januari mwaka 1956, nyumba nzima ilikuwa katika pilikapilika za safari. Kesho yake walikuwa waende Moa, kwenye harusi ya Shemsa, binti wa shangazi yake Shamsiya. Magari yangekuwa mawili. Bwana Thuwaini angetangulia na pikapu, na nyuma yake ingefuata lori la jirani yao, Laurenti, likiwa na akina mama na vyombo vya karamu. Laurenti alikuwa Mkatoliki, aliyezaliwa mkongeni na wazazi waliotoka bara kutafuta kazi, na udereva alikuwa ameuanza tangu ujana wake. Yeye na Bwana Thuwaini walikuwa wakishirikiana katika shida na raha.

Ni Laurenti huyo aliyegundua ubovu. Siku chache kabla, alikuwa nyuma ya pikapu karibu na stesheni, nayo ikasimama ghafla bila dalili yoyote. Nusura aigonge. Alimfuata rafiki yake nyumbani akamweleza kwamba taa yake ya breki haiwaki kabisa.

Bwana Thuwaini alijua pa kutazama. Karibu na pedeli ya breki kulikuwa na swichi ndogo. Dereva akikanyaga pedeli, springi nyembamba huvuta ulimi wa swichi, umeme hupita, na taa nyekundu ya nyuma huwaka. Kwa taa hiyo, anayefuata nyuma hujua kwamba gari la mbele linapunguza mwendo. Taa yenyewe alikwisha kuijaribu kwa kuiunga na betri, ikawaka vizuri. Kwa hiyo Ijumaa hiyo aliwatangazia wazee barazani kwamba ugonjwa uko kwenye swichi, na kwamba kabla hawajamaliza kahawa yao taa itakuwa imepona.

Alivua kanzu, akabaki na fulana na kikoi, akajiingiza chini ya usukani kichwa mbele. Kilichoonekana nje ya mlango wa gari ni miguu tu. Mzee Msafiri, ambaye hakuna aliyemshinda kwa utani pale barazani, aliuliza kama hilo ni gari au ni pango la fisi. Wenziwe wakacheka.

Bwana Thuwaini akamwita binti yake.

"Labeka, baba," Shamsiya aliitikia, akaja mbio.

Kazi aliyopewa ilikuwa nyepesi. Asimame nyuma ya pikapu aitazame taa, na baba akibonyeza pedeli kwa mkono, yeye aseme kama imewaka au haikuwaka. Mtu mmoja hawezi kuibonyeza pedeli huku mbele na kuiona taa kule nyuma. Lazima awepo wa pili.

"Imewaka?" baba aliuliza.

"Bado, baba."

Bisibisi ilikwaruza, msasa ukasikika ukisugua kutu. Baba akauliza tena, na jibu likawa lilelile. Mzee Msafiri akasema labda taa nayo inangoja iletewe kahawa. Baba akauliza mara nyingine, na mara nyingine tena, na kila Shamsiya alipojibu, baraza zima lilicheka. Hata waliokuwa wakipita njiani walisimama kutazama.

Bi Asmahani, mama yake Bwana Thuwaini, alikuwa nyuma ya pazia la mlango akisikia yote. Kicheko kile kilimchoma. Alichungulia akamnong'oneza mjukuu wake kwa ukali:

"We mtoto, kila ukiulizwa ni bado, bado. Huoni watu wanavyomcheka baba yako? Mwenye adabu hamwaibishi mzazi wake mbele za watu."

Maneno hayo yalimwingia Shamsiya. Alikuwa amelelewa hivyo tangu utotoni. Katika nyumba yao, mkubwa hakuambiwa hapana usoni. Ukiulizwa ugenini kama umeshiba, unasema umeshiba hata kama tumbo linanguruma. Ukiulizwa na mkubwa kama kofia yake imempendeza, imempendeza. Shamsiya alimpenda sana baba yake, na aliona uchungu kuiona ile miguu ikihangaika mlangoni huku watu wakiangua vicheko.

Jua la jioni lilikuwa limeshuka. Mwali wake ulipiga kioo chekundu cha taa, kikang'aa. Huenda ndiyo hiyo imewaka, Shamsiya alijiambia. Lakini moyoni alijua si hivyo, maana kioo kiling'aa vilevile hata baba alipokuwa hajabonyeza chochote.

"Imewaka sasa?" baba aliuliza.

"Imewaka, baba."

Barazani wazee wakapiga makofi. Bwana Thuwaini alijitoa garini, jasho likimchuruzika na uso umejaa vumbi la kutu, akacheka kwa furaha. Mzee Msafiri aliinuka, akampa mkono, akamwita fundi mkuu wa Chumbageni. Bi Asmahani alitabasamu nyuma ya pazia. Shamsiya peke yake hakufurahi. Alichukua sinia la vikombe akaenda kuviosha, ingawa vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Magharibi ilipokaribia, Laurenti alikuja kupanga safari. Aliuliza habari za taa, akaambiwa imepona.

"Basi nitakufuata kwa karibu tusipotezane," alisema. "Njia ya Horohoro kipindi hiki ni vumbi tupu. Nikiwa nyuma yako sitaliona gari. Nitakuwa naitazama taa hiyo tu."

Kisha wakapanga nani atakaa wapi. Bi Asmahani hakuweza kupanda lori kwa sababu ya magoti, kwa hiyo angetandikiwa godoro nyuma ya pikapu. Angekaa na Shamsiya pamoja na Turki, mdogo wake Shamsiya, ambaye alikuwa hajaanza hata chuo cha Kurani.

Shamsiya alikuwa akikunja mikeka. Aliposikia hayo, aliuacha mkeka. Akilini aliliona lori lile kubwa likija katikati ya vumbi, na bibi na Turki wamekaa kwenye godoro mbele ya pua yake. Alitaka kusema palepale. Lakini baba alikuwa bado anasimulia kwa bashasha jinsi alivyoisugua ile kutu, naye akakosa ujasiri. Alikwenda kulala na neno lake kooni.

Alfajiri waliamka wote kupakia mizigo. Pikapu ilikuwa imesimama mbele ya nyumba, jua halijachomoza bado. Shamsiya alipewa mchi wa kinu aupeleke kwenye lori. Alipofika karibu na pikapu alipata wazo. Alifungua mlango, akasimika mchi kati ya pedeli na kiti, akausukuma mpaka pedeli ikazama. Kisha akazunguka mbio kwenda nyuma.

Taa ilikuwa nyeusi. Hapakuwa na jua la kumdanganya, na hakuwa na la kujidanganya nalo. Alirudi akauchomoa mchi.

Watu walikuwa wamekusanyika kuwaaga. Wazee wa baraza walikuwepo, Mzee Msafiri akiwa mbele yao, na akina mama walikuwa wakipanda lori. Aibu aliyoikimbia jana ilikuwa inamngoja leo, tena kubwa zaidi, kwani leo ilikuwa yake na baba pamoja. Shamsiya aliogopa mno. Alimwangalia Turki, aliyekwisha kujilaza kwenye godoro akichezea ncha ya kanga ya bibi. Akaenda kusimama mbele ya baba yake.

"Baba, taa haiwaki."

"Haiwaki vipi? Jana uliiona mwenyewe."

"Sikuiona ikiwaka, baba. Nilisema uongo. Watu walikuwa wanakucheka."

Bwana Thuwaini alimtazama binti yake, halafu akawatazama wazee, na kila mtu aliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Shamsiya aliinamisha kichwa akingoja kukemewa.

Baba yake alivua kanzu kwa mara nyingine. Aliitundika kwenye mlango wa gari, akaomba koleo, akajiingiza chini ya usukani. Kabla hajainama kabisa alisema bila kugeuka, "Nenda kasimame palepale pako."

Shamsiya alikwenda. Laurenti aliinama upande wa pili wa gari akishika tochi.

"Imewaka?"

"Bado, baba," alijibu, na safari hii alisema kwa sauti iliyosikika na wote. Hakuna aliyecheka.

Bwana Thuwaini alieleza kutoka kule chini kwamba jana alikuwa amemaliza kuisafisha swichi, na jambo lililobaki lilikuwa springi. Springi ilikuwa imevutika kwa uzee, haina nguvu tena ya kuvuta ulimi. Alikuwa amekusudia kuigusa baadaye, kama kusafisha peke yake kusingetosha. Aliposikia imewaka, akaiacha. Sasa aliichomoa, akaikata kipande kidogo kwa koleo, akapinda ncha yake upya na kuirudisha mahali pake. Kazi yenyewe haikumaliza hata muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Alibonyeza pedeli kidogo tu. Wekundu ulimwagika kwenye mchanga nyuma ya gari, ukapaka miguu ya Shamsiya.

"Imewaka," alisema. Baba akamwambia asubiri. Alibonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia, na kila mara Shamsiya alisema imewaka, imezima, imewaka, mpaka baba akaridhika.

Wakaondoka. Walipoacha mji nyuma na kuingia njia ya Horohoro, vumbi jekundu lilitimka hata nyuma kukawa hakuonekani kitu. Bi Asmahani alijifunika kanga usoni. Lori la Laurenti lilisikika kwa ngurumo tu.

Mbele ya mashamba ya mkonge, kundi la mbuzi lilitoka vichakani na kuvuka njia kwa ghafla. Bwana Thuwaini alikanyaga breki. Shamsiya alimkumbatia Turki, akageuka kutazama nyuma. Kutoka ndani ya vumbi ilijitokeza pua ya lori, magurudumu yakiserereka kwenye changarawe, ikazidi kukaribia, kisha ikasimama. Vumbi lilipotulia, mbuzi mmoja aliyechelewa alipita bila haraka katikati ya magari mawili.

Laurenti aliteremka, nyusi zake zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Bwana Thuwaini naye aliteremka.

"Gari lako sikuliona," Laurenti alisema. "Niliona taa, nikakanyaga."

Bi Asmahani alimshika Turki mkono. Halafu akamwambia mwanawe kwamba kosa la jana halikuwa la mtoto peke yake, kwani yeye ndiye aliyemziba mdomo. Bwana Thuwaini akamjibu kwa heshima kwamba hata yeye alikuwa na sehemu yake, kwani alipokuwa akiuliza mbele ya wale wazee, alitaka zaidi kusifiwa kuliko kujua.

Kisha akaja ukingoni mwa pikapu, akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake.

"Mwanangu, najua ulitaka kunisitiri. Lakini mimi nikiwa kule chini sioni kitu. Nilikuwa naomba macho yako. Kila uliposema bado, ulikuwa unanisaidia kazi, na uliposema imewaka, ukaniacha peke yangu gizani bila mimi kujua. Nimechekwa mara nyingi, na sijafa kwa kuchekwa. Lakini leo bila ukweli wako, ningemzika nani, mama yangu au mwanangu? Kuanzia sasa, ukiona bado, niambie bado. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwako."

"Ndiyo, baba," alisema Shamsiya. Alikuwa analia, lakini lile neno lililomkaa kooni tangu jana halikuwepo tena.

Bwana Thuwaini alirudi kwenye usukani, Laurenti akapanda lori lake, na magari mawili yakaendelea na safari ya harusini.