Mlango wa Nusu

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Ukitoka sebuleni ukafunua pazia la bluu, unajikuta katikati ya magunia ya mchele, madumu ya mafuta na trei za mayai. Mwenye duka alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini kasoro, mwenye mikono isiyojua kutulia. Mtaa mzima ulimwita Dakika Mbili.

Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Mkewe akimwita mezani, atajibu kutoka dukani, "Nakuja, dakika mbili tu." Chai ikipoa, dakika mbili. Mgeni akiaga, dakika mbili nije nikusindikize. Watu husema siku ya harusi yake aliwaacha wageni wamekaa, akaenda kumpimia mtu sukari. Yeye hukana. Mkewe hakani.

Siku za kawaida kazi ilikwenda vizuri. Saa kumi na moja alfajiri gari la mkate lilishusha kreti mlangoni. Saa moja asubuhi alifika Mama Pacha, muuzaji wake wa miaka mitano, mwanamke mpole aliyejua bei zote kwa kichwa. Shida ilikuwa siku za sikukuu.

Sikukuu ikifika, Dakika Mbili alifunga ubao mmoja wa mlango na kuacha ule wa pili wazi. "Nimefunga," alisema. "Ila mtu akikwama, nimsaidie." Basi siku hiyo mtaa mzima ulikwama. Huyu chumvi, yule kiberiti, mwingine kitunguu kimoja tu. Mama Pacha naye aliambiwa, "Njoo saa moja tu tusaidiane." Saa hiyo moja ilikwisha jua likizama. Upande wa pili wa pazia, familia ilikula na kiti kitupu.

Mwezi mmoja kabla ya sikukuu kubwa, mama yake alipiga simu.

"Mwanangu, mwaka huu nakwenda kwa dada yako."

"Mama, kuna ubaya gani? Sikukuu wewe huja kwangu."

"Hakuna ubaya. Lakini mimi hukaa kwenye basi saa tano nzima nije kukuona wewe. Mwaka jana nilichokiona ni mgongo wako, unaingia na kutoka kwenye pazia. Mgongo wako naujua, nilikuwa nauogesha."

Dakika Mbili alitaka kucheka, akashindwa.

"Na sijui nimebakiwa na sikukuu ngapi," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua. Kisha akamuulizia mkwewe na kukata simu.

Maneno yale hayakumtoka kichwani. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi alipima mchele wa mteja mmoja mara tatu. Alimpenda mama yake kuliko alivyoweza kusema, na sasa alimwona anateleza mkononi.

Akakata shauri. Wiki iliyofuata palikuwa na sikukuu ndogo. "Nitafunga," alimwambia mkewe. "Kufuli kabisa. Nianze kuzoea."

"Umemwambia mtu wa mkate?" mkewe akauliza.

"Nitamwambia."

"Na Mama Pacha? Na wateja?"

"Mke wangu, kufunga mlango ni kufunga mlango. Kuna masomo gani hapo?"

Kumbe masomo yalikuwepo. Siku ya sikukuu, gari la mkate lilishusha kreti nne kama kawaida na kuondoka. Mama Pacha alitembea njia yote, akakuta kufuli, akarudi kwao. Baba mmoja mwenye mtoto mchanga aligonga akitafuta maziwa ya unga. Aligonga kwa kidole, kisha kwa ngumi, kisha akaanza kuita.

Dakika Mbili alikuwa sebuleni, chai mkononi, masikio dukani. Alivumilia mpaka saa nne. Kisha akafungua, nusu.

Kesho yake aliingia jirani yake wa nyumba ya tatu, mama wa makamo aliyevaa miwani. Alikuwa afisa wa kazi, wale wanaosuluhisha mambo ya waajiri na wafanyakazi. Alikuja kununua mayai. Alimkuta Dakika Mbili anatenga mikate iliyokauka.

"Jirani, umeanza kuuza matofali?" akamtania.

Dakika Mbili akamweleza yote, tangu mgongo mpaka kreti. Mwisho akauliza, "Sasa wewe msomi, niambie. Duka la vyakula lifungwe sikukuu au lisifungwe?"

Afisa alivuta ndoo iliyogeuzwa, akakaa.

"Mtaa huu una watu wa imani zaidi ya moja," alisema. "Wewe ukiwa kwenye sikukuu yako, Mama Kijani wa ng'ambo anafua mashuka. Mtoto mchanga naye hajui sikukuu, anajua maziwa. Kwa hiyo mtaa lazima upate pa kununua. Lakini nani amesema lazima iwe kwako?"

"Nikifunga mimi, Mama Kijani atachukua wateja wangu wote."

Mama Kijani alikuwa mjane mwenye duka ng'ambo ya barabara, lenye mlango wa kijani.

"Umemuuliza?"

"Miaka tisa hatujavuka habari za asubuhi."

"Na sikukuu zake yeye hufunga?"

"Wapi! Dirisha lake huwa wazi kutwa."

"Kwa nini?"

Dakika Mbili akatazama ng'ambo.

"Labda kwa sababu langu liko wazi," akasema polepole.

Afisa hakumcheka. Akauliza, "Na Mama Pacha? Anataka kufanya kazi sikukuu?"

"Hajawahi kukataa."

"Kutokukataa si kukubali, jirani. Pengine anakuogopa."

"Mimi? Nani aniogope mimi?"

"Mtu unayemlipa mshahara."

Neno hilo lilimwingia. Mikono yake ikatulia juu ya mkate.

"Mfanyakazi huulizwa mapema," afisa akaendelea. "Siyo jioni ya kuamkia siku yenyewe. Aseme kwa hiari yake. Akikubali kufanya kazi siku ya mapumziko, kuna haki yake, na haki hiyo imeandikwa kwenye sheria. Njoo ofisini, tusome pamoja, hatutozi kitu. Na wateja pia waambie mapema, wiki nzima kabla. Mtu akijua, anajipanga. Jana walikugongea kwa sababu hukuwaambia."

"Basi kumbe nilifunga vibaya."

"Ulifunga mlango tu. Mengine yote uliyaacha wazi." Afisa akainuka. "Nipe mayai kumi. Na mikate miwili ya matofali, kuku wangu hawachagui."

Siku ileile Dakika Mbili alimsubiri Mama Pacha amalize kumhudumia mteja. Akamuuliza kama angependa kupumzika sikukuu kubwa.

Mama Pacha alimtazama kuona kama ni mtego. "Ukweli, bosi?"

"Ukweli."

"Wanangu wana miaka sita sasa. Asubuhi ya sikukuu jirani ndiye huwaandaa. Sijawahi kuwaandaa mimi." Alifuta mizani ambayo haikuwa chafu. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Dakika Mbili aliona aibu ya kweli, ile ya kushindwa kumtazama mtu machoni. "Nisamehe, dada yangu," alisema. Alikwenda ofisini kwa afisa wiki ileile, wakasoma, naye akaandika kila kitu kwenye karatasi.

Iliyobaki ni barabara. Ilikuwa hatua kumi na mbili, lakini aliivuka kama anavuka mto. Mama Kijani alikuwa anapanga sabuni.

"Umeishiwa chenji?" akamuuliza bila kugeuka.

"Hapana. Nimeishiwa visingizio."

Mama Kijani akageuka. Dakika Mbili akamweleza kuhusu mama yake. Mjane alisikiliza, sabuni mkononi, uso ukilegea kidogo kidogo.

"Unajua sikukuu yangu mwaka jana nilikulia wapi?" akasema. "Nilikula nimesimama, sahani juu ya mizani. Watoto wangu waliita mpaka wakachoka. Nilikuwa nakutazama wewe. Nikasema, yule mtu akifunga tu, nami nafunga."

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

Wakatazamana, kisha wakacheka, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akauliza kama kuna bei mpya ya kitu.

Makubaliano yao yalikuwa mepesi. Sikukuu za huyu, yule atafungua, na atahudumia pande zote mbili. Mkate wa siku hiyo utashushwa kwa aliye wazi. Maziwa ya watoto hayatakosekana kamwe. Mke wa Dakika Mbili alichora tangazo kwenye kadibodi, kwa kuwa si watu wote wa mtaa walijua kusoma vizuri. Alichora mlango wenye kufuli, na mlango wa kijani ulio wazi. Chini akaandika: *Jumatano tumefunga kwa sikukuu. Nenda ng'ambo. Alhamisi karibu tena.* Wakalitundika siku nane kabla. Dakika Mbili mwenyewe alikwenda kwa yule baba wa mtoto mchanga, akamweleza kwa mdomo na kumwomba radhi.

Kisha akampigia mama yake.

"Tutafunga, mama."

"Lote au nusu?"

"Lote."

"Kwa kufuli au kwa kitasa?"

"Kufuli, mama. Na ufunguo atakaa nao mke mwenzio." Hivyo ndivyo alivyozoea kumtania kuhusu mkewe.

"Haya, nitakuja," mama akasema. "Lakini nikisikia dakika mbili, hata mara moja, narudi na basi la jioni."

Sikukuu ikafika. Walitoka ibadani pamoja, jambo ambalo majirani walilitazama mara mbili. Mama Pacha alipita kusalimia, pacha wake wameng'ara, na yeye amewashika mikono kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Ng'ambo, mlango wa kijani ulikuwa wazi ubao na ubao.

Wakakaa mezani. Mama yake alikaa mkabala naye. Chakula kikapakuliwa, wali ukitoa mvuke. Ndipo mlango ukagongwa.

Mkewe aliweka kijiko chini. Dakika Mbili alikuwa ameshanyanyuka, miguu yake ilinyanyuka yenyewe. Alimtazama mama yake. Mama alitazama sahani.

Alikwenda mlangoni. Aliyegonga alikuwa mgeni wa mtaa, mtu aliyefika jana tu, anataka sukari. Sukari ilikuwa pale pale nyuma ya pazia, gunia zima. Dakika Mbili akanyoosha kidole ng'ambo.

"Karibu mtaani," alisema. "Leo tumefunga kwa sikukuu. Sukari ipo pale, mlango wa kijani. Mwambie umetumwa na mimi."

"Asante, mzee," mgeni akasema, akavuka barabara. Na dunia haikuanguka.

Dakika Mbili akarudi, akaketi. Mikono yake haikujua pa kukaa, akaiweka mezani.

"Haikufika hata dakika moja," mama akasema.

Kisha akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Akanyoosha mkono juu ya sahani, akamgusa kidevu.

"Ndevu zako zimeota mvi. Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, mama."

"Sikuziona," mama akasema. Akavuta kiti chake karibu zaidi, wakaanza kula.