Vipimo vya Mteja Asiye na Uso

Mniwie radhi mapema: hadithi ya kutisha nikiisimulia mimi, watu hucheka pasipostahili. Hii nimejitahidi kuinyoosha. Ikipinda, si kosa la fundi.

Fundi huyo alishona suti. Mtaa ulimwita Mabega, kwa kuwa mlangoni alipita kiubavu, lakini upole wake ulikuwa wa kumwomba radhi mkasi aliouangusha. Mkewe alitia vifungo na kuandika daftari la vipimo. Asubuhi moja alimkuta ameegemea pasi, akiimba, na suruali ya mteja inafuka moshi.

"Mabega, husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Wakacheka mpaka machozi. Usiku ule ndipo ilipoanza.

Mke aliamshwa na kofi la shavu. Mumewe alikuwa usingizini, macho kayafumba, mikono yake ikivuta futi ya kupimia hewani. Akakata kitambaa kisichoonekana. Akang'ata uzi.

"Simama wima," akamwambia mtu. "Kifua thelathini na mbili. Kiuno ishirini na sita." Kisha akaanza kurusha ngumi. "Haijaisha. Nimekwambia haijaisha."

Kulipokucha alikumbuka tu mteja asiye na uso, aliyefuata suti yake. Mke, kwa mazoea ya kazi, alikuwa ameshaviandika vile vipimo na kutia tarehe. Hawakuwa na mteja mwembamba kiasi hicho.

Ikawa kila usiku. Fundi aliamka hoi, vidole vimechubuka. Majirani wakanong'ona kwamba kuna mtu anamtumikisha kichawi.

Siku moja mdogo wa fundi, mchekeshaji wa jukwaani, alikuja kula. Akaliona shavu la shemeji yake lilivyovimba.

"Shemeji," akasema, mdomo umejaa, "kama wewe ndiye unayemtumikisha kaka usiku, basi angalau mlipe ovataimu."

Sebule nzima ikacheka, hata mke mwenyewe. Mchekeshaji akaona utani umekubalika, akaupandisha jukwaani. Kila Jumamosi, miezi miwili. Utani ukazunguka mtaani mpaka kicheko kikapukutika njiani, likabaki neno tupu la uchawi. Wateja wakaanza kukataa kuandikiwa vipimo na mke. Mganga waliyemwendea naye akamaliza kazi: "Anayemtumikisha analala karibu naye."

Nesi mmoja, mteja wao wa sare, alimshauri mke ampeleke mumewe kwa daktari wa ubongo. Mke akaufikisha ushauri huo kwa ndugu. Wakatazamana. Wakageuza mazungumzo.

Jioni moja fundi alifunga mlango wa chumba kwa ndani. Mke akabaki nje, kakumbatia mto wake.

"Mabega, ni mimi."

Sauti ndogo ikajibu:

"Najua."

Miaka mitatu mke alilala kwenye chumba cha cherehani, sikio ukutani. Alimsikia mumewe akipigana peke yake. Akianguka. Akiinuka. Siku moja hakuinuka.

Hospitali, daktari alitazama mkono unaotetemeka na uso uliokakamaa, akauliza jambo moja: "Alianza lini kupigana usingizini?"

Mke akamweleza, tangu lile kofi.

"Ni ugonjwa wa ubongo," daktari akasema. "Ulikuwa unabisha hodi tangu siku ile. Tusingeweza kuuzuia. Lakini mngejua ni nani anayebisha."

Fundi akamgeukia mkewe. Akaunyoosha mkono polepole, akaligusa lile shavu alilolipiga, akauacha hapo.

Aliishi miezi minne zaidi. Kalamu ilikuwa imemshinda mwaka mzima.

Siku ya kumvisha kwa mazishi, suti zake zote zilimpwaya. Fundi mwenzake akavuta futi, akasoma kwa sauti ya chini. "Kifua thelathini na mbili. Kiuno ishirini na sita."

Mke akatoka. Akalifungua daftari penye vipimo vya usiku ule wa kwanza. Tarehe yake ilikuwepo. Mwandiko wake pia. Chini yake palikuwa na neno ambalo hakuliandika yeye. Herufi ndogo, zimebanana kama mishono, zikitetemeka.

*Imeisha.*

Akaligusa. Wino ulibaki kidoleni.

Mpaka leo watu huniuliza ni nani hasa aliyemroga kaka yangu. Mchawi mnamjua. Kila Jumamosi mlikuwa mnamlipia kiingilio.