Nyumba Iliyovaa Matofali

Mwanamke mmoja, fundi cherehani, alijivunia nyumba yake ya ghorofa moja. Ni ya matofali, alisema, moto hauiwezi ng'o. Yeye alishona chini, karibu na jiko. Mama yake mzazi, aliyelemewa na maumivu ya miguu, alilala juu.

Asubuhi moja aliegemea ukuta wa jikoni, akashtuka. Ukuta ulikuwa wa moto, na jiko halijawashwa! Akamkimbilia jirani, mzimamoto mstaafu mwenye mizaha.

Mzee akagusa ukuta, mzaha ukamwisha. Akazima swichi kuu ya umeme, akapanda ngazi, akamteremsha mama wa watu mgongoni mpaka uani. Kisha akatoboa ukuta. Ndani waya ulikuwa umeyeyuka. Mbao kando yake zilikuwa nyeusi, bado hazijashika moto.

"Hii ni nyumba ya mbao, mwanangu," alisema. "Matofali ni nguo tu."

Fundi akabisha. Mzee akamweleza kwamba jengo hupangwa daraja kwa kinacholibeba, si kwa kinachoonekana nje. Zege haliungui. Kuna kuta za matofali zinazobeba kweli, ila sakafu ni za mbao. Na kuna kama hii: kuta, sakafu na paa, vyote vimebebwa na fremu ya mbao. Hilo ndilo daraja la mwisho, maana moto huila upesi. Tena kati ya nguzo za ndani ya ukuta palikuwa wazi, kutoka chini hadi darini.

"Moto ukiingia humu unapanda moja kwa moja. Wa kwanza kufikiwa ni mama yako."

Fundi akaketi sakafuni. Miaka kumi na minne alikuwa akimlaza mama yake pale juu.

Wiki hiyo hiyo fundi umeme alibadilisha nyaya. Seremala alipigilia vipande vya mbao nene kati ya nguzo, kila usawa wa sakafu, kuziba njia ya moto. Kuta za ndani zikafunikwa kwa bodi za jipsamu zinazochelewesha moto, king'ora cha moshi kikafungwa. Mama akahamia chini, chumba cha mlangoni. Alinung'unika kwamba bintiye amekuwa mwoga kupita kiasi.

Miezi mitatu baadaye mafuta yaliwaka jikoni. King'ora kikalia, wote wakatoka. Wazimamoto walipoubomoa ukuta, moto ulikuwa umeshaingia. Ulipanda mpaka kwenye kile kipande cha mbao, ukakoma.

Mama alikitazama kilivyoungua.

"Kwa mwoga huenda kicheko," akasema, na mkono wa bintiye hakuuachia.