Majibu Yaliyolala Chini ya Suti

Jirani zangu, mmenisema sana. Sasa nisikilizeni.

Asubuhi ile mama alikuwa kwenye cherehani, akipinda sketi za shule na kuimba chinichini. Nywele zake zilikuwa zinaota upya, laini kama za mtoto mchanga. Miezi ya dawa ilikuwa imeituliza saratani ya damu, na kila mteja aliyeingia aliambiwa, "Gusa kichwa hiki, nimezaliwa tena."

Simu yake ikaita. Nikaipokea mimi. Muuguzi wa kliniki aliuliza mbona mgonjwa haonekani. Majibu ya kipimo cha RNA alikabidhiwa kaka yake wiki sita zilizopita.

Kaka yake ni mjomba wangu. Nyumbani tunamwita Mwenyekiti, maana hata chai hainyweki mpaka afungue kikao. Ndiye aliyemsindikiza mama hospitali, na karatasi zote zilipitia kwake. Nilipomuuliza hakukana. Alifungua kabati, akatoa bahasha chini ya suti yake ya harusi.

Muuguzi alikuwa amenieleza kwamba RNA ni kama maagizo yanayotembea ndani ya chembe za mwili. Wataalamu wakiyasoma katika damu ya mgonjwa, hukadiria kama ugonjwa unaelekea kurudi. Ya mama yalionyesha hatari kubwa. Daktari alitaka apandikizwe uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa ndugu yake, upesi, ugonjwa ukiwa bado umelala.

"Hiyo ni ramli ya maabara," Mwenyekiti alisema. "Angeisoma, hofu ingemmaliza. Nimemwacha ale, alale, acheke."

Hakuwa katili, jirani zangu. Alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa unamla mama yangu.

Aliniamuru nifunge mdomo. Jioni, shangazi na mashemeji wakiwa wamejaa sebuleni, niliiweka bahasha juu ya cherehani nikamsomea mama neno kwa neno.

Mama hakulia. Alivua miwani, akamgeukia kaka yake.

"Kaka, mimi simkatii mtu nguo bila yeye kujua vipimo vyake. Wewe umeanza kunishonea sanda, na mimi bado natembea. Kesho twende wakakupime. Uboho wako ukinifaa, nautaka."

Kesho yake Mwenyekiti alikwenda kupimwa, kwa mara ya kwanza bila kufungua kikao.

Uboho wake ulifaa. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaamka, ikabidi mama apewe kwanza dawa kali kuliko zile za mwanzo. Alipandikizwa, na leo yuko hai, anabishana na wateja kama zamani. Ila zile dawa zimemwachia ganzi vidoleni. Hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Namtungia mimi, kila asubuhi.

FUNZO

Majibu ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Kipimo kinachotabiri si hukumu; ni onyo, na onyo lina faida likimfikia mwenye mwili mapema. Ukimficha kwa jina la upendo, umemwibia siku zake za kupigana. Mwambieni. Mkae naye akilia, lakini mwambieni.

Mwenyekiti anadai nimwombe radhi kwa kumwaibisha mbele ya mashemeji. Ametuma shangazi mara tatu. Namshukuru kwa uboho wake, nitamshukuru mpaka nizeeke. Radhi siombi.